Chunjua Zilipoondoka

Jirani yangu hapa Usagara hubangua korosho uani kwake. Huzikaanga kwanza juu ya kipande cha bati kwa moto wa kuni, na maganda yakianza kutoa mafuta, moshi mweusi mzito huruka ukuta na kuingia hadi sebuleni kwangu. Watu wa nyumbani hukohoa na kufunga madirisha. Mimi huficha mkono wa kulia kwapani. Sijiambii nifanye hivyo. Nashtukia tu nimeshafanya, mwanamke mzima, mkono uko kwapani kama wa mtoto aliyeona fimbo.

Nilikuwa na miaka tisa chunjua ya kwanza ilipoota, juu ya fundo la kidole cha shahada. Tulikuwa tukikaa Makorora, mama, baba na shangazi yangu Mwanaidi, dada mkubwa wa baba. Baba alikuwa dereva wa lori la chokaa, tukimwona mwisho wa juma tu, amevaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Mama alikuwa akipaka maharusi hina na piko. Miezi ya harusi sebule yetu ilijaa wanawake walionyoosha miguu juu ya mito, nyumba nzima ikinuka ndimu na mafuta ya mkaratusi, na mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Nilichekecha hina kwa kitambaa cha mtandio, nikaikanda, nikaijaza kwenye vikoni vya nailoni. Mama alikuwa akiwaambia wateja kwamba hakuna anayejua kukanda kama Zuhura, na mimi niliinamisha kichwa nisionekane nimefurahi.

Ile chunjua moja ikazaa. Kufika Ramadhani nilikuwa nazo kumi na nne, nyingi mkono wa kulia, chache zimehamia wa kushoto. Zilikuwa ngumu, zimechanua juu kama vichwa vya karafuu, na ndani yake mna vidoa vyeusi. Jioni moja wakati wa kufuturu, wengine walipozunguka sinia, shangazi aliniwekea chakula changu pembeni, kwenye sahani ya maua, na kijiko juu yake. Kwetu kijiko kilikuwa cha wageni. Nilikula nikijiona mkubwa. Ilinichukua siku nne au tano kutambua kwamba hakuna aliyetaka mkono wangu uingie kwenye wali.

Kisha ikaja siku ya yule mama wa biharusi. Alikuja na dada zake wawili kuangalia michoro, nami nikawapelekea bakuli la hina waone rangi yake. Alilitazama bakuli, akautazama mkono uliolishika.

"Mama Zuhura, huyu mtoto ndiye anayekanda?"

"Ndiye," alisema mama.

"Ahaa."

Walimaliza chai yao kwa adabu, wakasema watarudi Alhamisi. Hawakurudi. Maneno yakatembea mitaani, na ndani ya mwezi mmoja mito ya sebuleni ikawa haina miguu ya kuiegemea. Mama alikuwa na mimba ya miezi sita. Alinitoa kwenye kazi ya hina bila kunieleza sababu. Aliniambia tu nikasome. Nilimsikia akikanda peke yake, akihema.

Shangazi Mwanaidi hakuwa mtu wa kukaa na tatizo akilitazama. Aliwahi kuzaa watoto wawili kabla sijazaliwa, na wote wawili surua ikawachukua ndani ya wiki moja. Tangu hapo alikuwa akipigana na kila ugonjwa kama anayemjua adui kwa sura. Mchana mmoja mama akiwa sokoni, aliniita uani. Alikuwa na maganda ya korosho yaliyokaangwa kwenye kibati, bado yanatoa moshi, na njiti ya kiberiti mkononi.

"Kaa. Vumilia, ni kidogo tu. Mama yangu alinitoa zangu hivi hivi."

Alichovya njiti kwenye yale mafuta meusi, akagusa chunjua moja baada ya nyingine. Mwanzoni sikusikia kitu. Kisha mkono ukaanza kuwaka, moto unaoingia ndani badala ya kutoka, na yeye amenikamata kifundo cha mkono huku akisoma Kul-huwallah kwa sauti ya chini. Mama aliporudi alinikuta chini ya bomba, ngozi ya kidole imevimba na kuwa nyeusi. Aliniosha kwa maji ya chumvi. Alipomaliza ndipo alipomgeukia shangazi.

"Wifi, ungeniuliza."

"Nikuulize nini, na watu hawaji tena?"

Vidonda vilitunga usaha, nikafungwa bandeji wiki nyingi. Vilipopona, chunjua zilirudi zimezunguka makovu kama shanga.

Mdogo wangu Sefu alizaliwa mkono wangu ungali kwenye bandeji. Shangazi alinisimamisha mlangoni mwa chumba. "Usimguse mtoto na mkono huo. Mpaka upone." Nikawa namtazama pale kwenye kizingiti. Nilikuwa nimemsubiri sana. Nilikuwa nimeshamchagulia jina, halikutumika, lakini nilimsamehe. Nilihesabu siku za kupona kama watu wanavyohesabu siku za kufikia Idi.

Mama alipotimiza arobaini, alinipeleka Raskazone, kwenye kliniki moja ambako daktari wa ngozi alikuwa akija mara moja kila baada ya wiki kadhaa. Tulipanda bajaji, Sefu amefungwa kwenye kanga kifuani kwa mama, mimi nimekaa ukingoni nisimguse. Daktari alikuwa mama wa makamo, Msambaa, mwenye msalaba mdogo shingoni na sauti ya taratibu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaushika mkono wangu bila kusita. Hakuna mtu aliyekuwa ameushika vile kwa muda mrefu. Aliugeuza akaona makovu.

"Nani alimuunguza?"

"Mimi," alisema mama.

Nilimtazama. Hakunitazama. Daktari akaendelea kana kwamba hakusikia.

"Chunjua ni kirusi, mama. Kinakaa juu juu kwenye ngozi, askari wa mwili hawakioni. Ukiunguza, unatoa unachokiona, chenyewe kinabaki. Mimi nataka nichome chanjo ndani ya hii kubwa."

"Chanjo ya nini?"

"Ya surua. Iko pamoja na ya matubwitubwi na ya rubela, sindano moja."

Mama alishtuka. "Surua, kwa chunjua?"

"Ndani yake mna virusi vya surua, vimedhoofishwa. Vi hai, lakini havina nguvu. Mwili wake unavijua, alichanjwa alipokuwa mdogo. Askari watavikimbilia, na wakifika pale watamkuta na huyu aliyejificha. Hii kubwa ndiyo mama yao. Akiondoka yeye, watoto humfuata. Si kwa kila mtu, ila wengi wanapona. Tutarudia kila baada ya wiki tatu."

Sindano ilipoingia kwenye chunjua niliona nyota. Muuguzi alinishika bega akanitoa nje nikapumzike kwenye benchi, na mlango ukafungwa nyuma yangu. Mama alibaki ndani na Sefu.

Pale kwenye benchi ndipo nilipoyapanga yale niliyoyasikia. Surua niliijua kwa hadithi za shangazi. Huanza na macho mekundu, halafu homa, halafu vipele vinatokea nyuma ya masikio na kushuka mwilini mpaka miguuni. Nilijua pia kwamba Sefu hajachanjwa, kwa sababu shangazi alikuwa akilisema hilo kila wiki: surua ni mpaka afikishe miezi tisa, mpaka hapo tumlinde. Na sasa nilikuwa nimewekewa surua kidoleni, iliyo hai. Daktari alisema mwenyewe. Siku ya pili kidole kilivimba, kikawa cha moto, nikapata homa kidogo. Kwangu ule ulikuwa ushahidi tosha.

Sikumwambia mtu. Nilidhani mama anajua, kwa vile alikuwepo, na kwamba amekubali hatari ile ili wateja warudi. Mtoto wa miaka kumi akishafika hapo, hana wa kumuuliza. Nikajiwekea sheria. Nilipopita karibu na Sefu nilibana pumzi. Kikombe changu nilikificha nyuma ya pipa la maji. Alipolazwa kwenye mkeka sebuleni nilihamia uani, jua au mvua. Alipofikisha miezi miwili alianza kutabasamu, na siku moja alinitabasamia mimi, kabisa, mdomo wazi. Niligeuza uso nikatazama ukuta hadi akachoka.

Mama aliona. Bandeji imetoka, daktari amesema mkono hauna neno, na mimi bado namkimbia mtoto. Siku ya kufua, nguo zimejaa beseni, aliniita.

"Mshike mdogo wako nianike."

"Sitaki."

"Zuhura."

"Sitaki, mama."

Alininyooshea mtoto. Nilirudi nyuma, mikono mgongoni, naye alikuwa ameshalegeza mshiko wake akitegemea kwamba nitampokea. Sefu aliteleza, mama akamdaka kwa paja lake. Akamlaza kwenye mkeka, akasimama, akanipiga kofi. Hakuwahi kunipiga kabla na hakunipiga tena baada ya hapo.

"Kijicho," alisema, sauti imemkauka. "Unamfanyia kijicho damu yako."

Nilitaka kumwambia. Maneno yalikuwa pale, lakini niliona kama nikiyatamka ndipo yatakapokuwa kweli. Nikaenda kukaa nyuma ya choo.

Tulikwenda kwa sindano ya pili. Safari ile daktari hakueleza kitu, alichoma tu akaandika. Siku chache baadaye ile chunjua kubwa ilianza kuwa nyeusi, ikakauka, na asubuhi moja ilibaki kwenye shuka kama punje ya pilipili manga. Zile nyingine, ambazo hazikuguswa na sindano, zikaanza kupungua zenyewe, hata za mkono wa kushoto. Shangazi aliita majirani waje waone. Ilikuwa miezi ya joto kali. Katika wiki hiyohiyo Sefu akatoka vipele shingoni na kifuani.

"Ni joto," alisema mama. Akamwogesha, akampaka poda.

Nilisimama kizingitini nikatazama nyuma ya masikio yake. Vilikuwepo.

Baada ya hapo mambo hayakuchukua muda. Alikataa kunyonya. Akapata homa, kifua kikawa kinabonyea kila anapovuta pumzi. Baba alirudi katikati ya juma, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akambeba mpaka hospitali bila kunawa vumbi la chokaa. Walimlaza. Alifariki asubuhi ya siku ya pili, mama akiwa amemshika. Alikuwa hajatimiza miezi mitatu.

Watu wazima walisema ni nimonia. Nililisikia neno hilo siku nzima, barazani, jikoni, kwa wanaume waliokuwa wakirudi kutoka makaburini. Kwangu lilikuwa neno geni, na nikaamua ni jina wanalolitumia ili wasinitaje.

Wakati wa matanga wanawake walijaa nyumba yetu kuliko msimu wowote wa harusi. Nilipitisha kahawa na tende. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliushika mkono wangu akinipokea sinia, kisha hakuuachia. Akaugeuza, akaupapasa.

"Mashallah. Mikono imetakata. Tazameni, kama haikuwahi kuwa na kitu."

Wakautazama, mkono mmoja baada ya mwingine, wakapitishana kama kitambaa kipya. Mama alikuwa ameketi ukutani, kanga imemfunika nusu ya uso. Aliitazama mikono yangu kwa muda mrefu sana. Nilijua kwamba ameelewa, na kwamba kimya chake ndiyo hukumu yangu.

Kwa miadi ya tatu alinipeleka baba. Daktari alikuwa hajapata habari zetu, na baba hakumpa. Aliiangalia mikono chini ya taa yake, akafurahi kweli, akasema hakuna haja ya sindano nyingine. Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu.

"Daktari, naomba unirudishie."

"Nikurudishie nini, mwanangu?"

"Chunjua zangu."

Alicheka, akamwambia baba mtoto wake ana vituko. Na baba akatabasamu, mara ya kwanza tangu tuzike. Nilipouona uso wake umefunguka vile, nikaliacha jambo lenyewe likae.

Wateja walirudi, mmoja mmoja. Mama akapaka maharusi tena, na mimi nikakanda tena, kwa mikono ambayo watu waliisifu. Nilisoma, nikakua, nikajifunza shuleni jinsi chanjo inavyofanya kazi. Nilijua kwa akili yangu kwamba virusi vile visingeweza kutoka kwangu vikaingia kwake, kwamba vipele vya joto ni vipele vya joto na nimonia ni nimonia. Kujua huko hakukufika chini. Jina la Sefu halikutajwa nyumbani. Na nyumba yetu haikukosa watoto wachanga, wa binamu, wa majirani, wa wateja, lakini mama hakuwahi tena kuniambia nishike mtoto. Mtoto akipitishwa sebuleni, mama alimpokea kwa upande wangu na kumpeleka upande wa pili. Nilielewa. Alikuwa akiwalinda nisiwaue.

Shangazi alitangulia, na baba miaka miwili baada yake. Niliolewa, nikahamia hapa Usagara, nikazaa binti. Mama alikuja kukaa nami siku arobaini, kunikanda kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga. Asubuhi moja katika wiki ya pili alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, ananitazama.

"Hujamlaza tangu alfajiri."

"Sitaki kumlaza, mama."

Alichambua kidogo, akaacha.

"Nilikuwa naogopa," alisema.

"Ulikuwa unaogopa nini?"

"Nilidhani huenda usimpende. Wapo watu Mungu hakuwapa moyo wa watoto wachanga, si kosa lao. Wewe kwa Sefu ulikuwa hivyo."

Alilitaja jina kwa kawaida, kana kwamba alikuwa akilitaja kila siku, na labda ndani yake ndivyo ilivyokuwa. Nilimwambia yote. Nilimwambia ya benchi, ya kikombe nyuma ya pipa, ya kubana pumzi, ya vipele nyuma ya masikio. Nilisema nikimtazama binti yangu, kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Nilipomaliza, ungo wa mchele ulikuwa chini.

"Nilimuuliza," alisema mama.

"Ulimuuliza nani?"

"Daktari. Siku ile ya kwanza, ulipotolewa nje na muuguzi. Nilimwambia nina huyu mchanga, hajachanjwa, dada yake hatamwambukiza? Akasema hapana. Chanjo ile haimtoki mtu ikamwingia mwingine. Akasema, waache wacheze."

"Hukuniambia."

"Sikujua kama ulisikia."

Nje mtu alikuwa akifagia uwanja. Mama alijifuta uso kwa ncha ya kanga, polepole, jicho moja kisha la pili.

"Mimi niliamini ni kijicho chako kilichomchukua," alisema. "Sikukuchukia. Nilimwomba Mungu akusamehe. Kila sala, Zuhura. Miaka yote hii nimekuombea msamaha kwa jambo ambalo hukulifanya."

Nilisogea kitandani akaja kukaa kando yangu, binti yangu katikati yetu. Nikamwomba anieleze Sefu alikuwaje, maana mimi nilimwona kutoka kizingitini tu. Sikuujua uzito wake. Sikujua alinuka nini.

Mama alifikiri. Alisema alikuwa mzito kuliko anavyoonekana. Alisema kichwa chake kilinuka maziwa na poda, na kidole chako akikishika hakuachii mpaka alale. Kisha akamfunika binti yangu miguu kwa kanga, nikadhani amemaliza.

"Alikuwa akikujua," alisema. "Nikimnyonyesha, wewe ukipita pale mlangoni, aliacha ziwa akageuza kichwa kukutafuta."